Kimepotea au kimetoka?

Hotuba kwa walimu wa michezo, wazazi na vijana, Jambiani, Mkoa wa Kusini Unguja

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha, walimu wenzangu, mabibi mliotoka kwenye mwani mkaja moja kwa moja hapa, manahodha wetu, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa mchangani mbele: ahsanteni kwa kunialika.

Skuli zetu zinataka kuanzisha gofu ya visahani. Hakujasimamishwa kikapu hata kimoja, na mimi nasema alhamdulillahi, kwa sababu yapo mambo ya kumaliza kabla chuma hakijaingia ardhini. Sitaeleza kanuni zote leo. Namna ya kushika kisahani na namna ya kuweka miguu, kijana anajifunza jioni moja. Nimekuja na jambo moja tu: mchezaji amerusha, kisahani hakionekani. Tunafanya nini?

Kwa wazee ambao hawajauona mchezo wenyewe, niseme kwa ufupi. Mchezaji anarusha kisahani cha plastiki kutoka sehemu ya kuanzia mpaka kiingie katika kikapu cha minyororo kilichosimama juu ya mlingoti. Kinapotua ndipo anaporushia tena, na mahali hapo mimi nitapaita kituo. Anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi. Kikapu hicho alikibuni Mmarekani Ed Headrick, na ndiye aliyeanzisha mwaka 1976 chama kinachoandika kanuni za mchezo hadi leo, PDGA. Kisahani kinachoruhusiwa hakizidi gramu 200 kwa uzito, lakini kikimpata mtu usoni kwa kasi anaumia, na hilo tutalirudia tutakapofika kwenye mipaka. Historia inatosha.

Sasa, kisahani kimeruka, kimeingia kwenye vichaka vya maweni kule nyuma ya nyumba. Kundi linafika, hawakioni. Mchezaji yeyote katika kundi anaweza kuanza kuhesabu dakika tatu za kutafuta, ila lazima awaambie wenzake kwamba saa imeanza. Haifai kuhesabu kimoyomoyo halafu ukamshtua mwenzio kuwa muda umekwisha.

Na katika dakika hizo tatu wanatafuta wote. Hii ndiyo kanuni ninayoipenda kuliko zote katika mchezo huu. Aliyekaa kivulini chini ya mkungu anatazama simu wakati mwenzake anapekua majani amevunja adabu ya mchezo, na kosa hilo limeandikwa: mara ya kwanza anapewa onyo, akirudia anaongezewa mrusho mmoja kwenye hesabu yake. Fikirini maana yake. Mshindani wako analazimika kukutafutia kisahani chako. Akikiona, wewe unapona na yeye anakosa nafasi ya kukupita. Na bado anainama, anafunua majani, anakuita, "Njoo utazame, si chako hiki?" Mwalimu anayetaka kufundisha watoto uungwana hana haja ya kutunga somo jipya.

Dakika tatu zikipita, kisahani kinatangazwa kimepotea. Mchezaji anaongezewa mrusho mmoja wa adhabu na anarudi kurushia pale pale aliporushia mwanzo. Hesabu inakwenda hivi: alirusha mara moja, hiyo moja, adhabu, mbili, anayorusha sasa ni ya tatu. Na kisahani kikionekana baada ya kutangazwa, mchezaji atakitia mkobani ashukuru hakukosa mali yake, lakini hukumu haibadiliki. Wapo watakaoona hii ni ngumu. Mimi naona ni rehema kwa kundi la nyuma linalosubiri juani. Gofu ya mipira nayo ilikuwa ikiruhusu dakika tano, na mwaka 2019 wakapunguza hadi tatu.

Kutoka nje ya mpaka ni jambo jingine. Msimamizi wa mashindano huchora eneo ambalo si la kuchezea: barabara, ua wa mtu, makaburi, bahari. Kisahani kikitulia humo, kimetoka. Mstari wenyewe ni sehemu ya nje. Hata hivyo, kisahani huhesabiwa kimetoka pale tu kinapozungukwa chote na eneo la nje. Kikigusa ndani hata kwa ukingo wake, kimo ndani, na anayetaka kubishana apige magoti atazame. Kinachohesabiwa ni pale kilipotulia, si kule kilikopita angani. Kisahani kinaweza kuruka juu ya bahari, kikapinda na upepo, kikarudi kutua mchangani kwenye eneo la mchezo. Hicho hakikutoka, na mrusho wa namna hiyo ni wa kupigiwa makofi.

Kikitoka kweli, adhabu ni ile ile: mrusho mmoja. Tofauti iko kwenye mahali pa kuendelea. Aliyepoteza anarudi alikotoka. Aliyetoka nje ana hiari: anaweza kurudi alikotoka, au anaweza kuweka alama ndani ya mita moja kutoka pale kisahani chake kilipokuwa juu ya eneo la ndani kwa mara ya mwisho, au kama msimamizi ametenga kituo maalumu, akaenda hapo. Msimamizi anaweza pia kuzipunguza hiari hizo kabla ya mashindano kuanza.

Nikae kidogo kwenye maneno hayo, "kwa mara ya mwisho", maana hapa ndipo ugomvi utakapozaliwa katika ufukwe wetu. Chukulieni kikapu kiko mita 90 mbele, mstari wa mpaka uko upande wa bahari. Kijana anarusha, kisahani kinavuka mstari kikiwa mita 30 tu kutoka alipoanzia, kinaendelea juu ya maji sambamba na ufukwe, kinaanguka majini usawa wa kikapu. Kijana atatembea mpaka pale kilipoanguka, atageukia nchi kavu, na atataka kurushia hapo, hatua chache kutoka kikapuni. Hapana. Kituo chake kipo kwenye ile mita ya 30, kilipovuka na kisirudi tena. Kisahani kuangukia mbali majini hakumsaidii kitu. Ndiyo maana nataka kila kundi liwe na mtu wa kutazama mstari: mmoja asimame mbele, usawa wa mpaka, aone kwa jicho lake wapi kimevuka. Akiwa amesimama nyuma ya mrushaji haoni vizuri, kwa sababu kwa umbali mstari na kisahani vinachanganyika.

Na kisahani kilichobaki ndani lakini karibu sana na mpaka, chini ya mita moja? Mchezaji anaruhusiwa kuingia ndani mpaka mita moja kutoka mstarini, moja kwa moja, bila adhabu, hata kama kufanya hivyo kunamsogeza karibu na kikapu. Watu wengi huiona zawadi. Imewekwa ili mtu asilazimike kurusha huku mguu wake unatafuta pa kukanyaga kwenye tuta la mawe au ukingoni mwa maji.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, hasa nyinyi walimu.

Ipo hali ya tatu, na ndiyo iliyonileta hapa. Kisahani kimeelekea kwenye mpaka, na hakionekani. Hatujui kimeingia majini au kimejificha kwenye kichaka kabla ya maji. Kimepotea au kimetoka? Kanuni inajibu hivi: kisahani kisichoonekana kitahesabiwa kimetoka pale tu panapokuwa na ushahidi wa nguvu kwamba kilitulia nje ya mpaka. Ushahidi huo usipokuwepo, kimepotea.

Tazameni uzito wake. Adhabu ni moja, lakini aliyetoka anaendelea mbele, na aliyepoteza anarudi nyuma pengine mita 80. Kwa hiyo kila mchezaji ambaye kisahani chake hakionekani ana tamaa ya kusema, "Kimeingia majini, nimekiona." Hatajiona anasema uongo. Atakuwa ameona kikielekea huko, na moyo utammalizia safari iliyobaki. Mtoto wa miaka kumi na mbili atafanya hivyo, na mtu mzima atafanya hivyo kwa ufasaha zaidi.

Sisi tumelelewa na jambo hili kila mwaka, usiku wa kuandama mwezi wa Ramadhani. Mtu akija kusema mwezi umeonekana, haulizwi anaamini nini. Anaulizwa: umeuona wewe, kwa macho yako, upande gani, ulikuwa umeelekea wapi, ulikuwa na nani? Aliyesikia kwa jirani kuwa jirani kaona anaambiwa kwa heshima akae pembeni, aitwe yule aliyeona. Watoto wetu wameyasikia mazungumzo hayo barazani tangu wadogo. Naomba tuwafundishe wayalete uwanjani na kisahani.

Kwa hiyo kundi lisiulize, "Mnadhani kimekwenda wapi?" Waulizane: nani ameona maji yakiruka? Nani ameona kikivuka mstari, na baada ya kuvuka kilikuwa juu kiasi gani? Baina ya mstari na mahali ulipokipoteza kwa macho, kuna kichaka, kuna ngalawa, kuna kitu chochote cha kukizuia kisifike? Kama wawili wameona maji yakiruka nje ya mpaka na hapana mahali pengine pa kujificha, huo ni ushahidi. Kama wote wamesikia mlio tu, na upande ule kuna maji na kuna makuti makavu, bado hatujui. Kimepotea, rudi nyuma, rusha tena.

Kundi likitofautiana, wengi ndio wanaofuatwa. Ikiwa hakuna upande ulio na wengi, kanuni inampa faida mrushaji. Ni kanuni nzuri, maana inakataa kumhukumu mtu kwa shaka. Lakini ukiiunganisha na ile tamaa niliyoieleza, mchezaji mwerevu anaweza kuitumia: atatangulia kusema kwa sauti kubwa, mmoja atamuunga mkono kwa aibu, wawili watakaa kimya, na imekwisha. Kwa hivyo naleta pendekezo, ambalo ni langu na halimo katika kitabu cha kanuni: katika mashindano ya skuli zetu, mrushaji aseme mwisho. Waanze wengine kueleza walichoona, na yeye asikilize. Mara nyingi atakuwa mkweli zaidi baada ya kuwasikia wenzake.

Mchezo huu kwa kawaida hauna mwamuzi mwenye filimbi nyuma ya kila kundi. Wanne wanakwenda pamoja, wanahesabiana, wanaoneshana makosa, na mwisho wanatia saini kadi. Mpira wa miguu unamfundisha mtoto kwamba ukweli ni ule aliouona refa. Sisemi vibaya juu ya mpira, nimeucheza na nimeufundisha. Ila nataka skuli zetu ziwe na mchezo mmoja ambao mtoto mwenyewe anabeba ushahidi.

Sasa tuje kwenye bahari, maana kanuni hizi ziliandikwa na watu ambao mchezo wao ulianzia kwenye mabustani ya California, na sisi tunazileta kwenye ufukwe ambao maji yake hayakai mahali pamoja.

Manahodha mnajua haya kuliko mimi. Wakati wa bamvua, maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Asubuhi unaona mchanga mweupe mpaka karibu na mwamba, na baada ya saa sita maji yapo kwenye mizizi ya minazi. Kundi la wanne likicheza mashimo 18, na shimo kwetu ni ile safari kutoka sehemu ya kuanzia mpaka kikapuni, linaweza kuchukua saa mbili au tatu. Mkisema "bahari ni nje ya mpaka" bila kusema bahari ya saa ngapi, mchezaji wa kwanza atacheza uwanja mmoja na wa mwisho uwanja mwengine. Wa kwanza alitua mchangani, hakuadhibiwa. Wa mwisho alitua hapo hapo, kumbe sasa ni maji, akaadhibiwa. Hakuna kanuni itakayowapatanisha hao.

Rai yangu ni kwamba mpaka upande wa bahari usiwe maji. Uwe mstari usiohama, juu ya mahali maji ya bamvua yanapofika, kwa vigingi na kamba inayoonekana. Chini ya kamba ni nje, yakiwa yamejaa au yamepwa. Mtasema mchanga uliokauka ni uwanja mzuri wa kurushia na tunauacha bure. Ni kweli ni mzuri. Lakini mchanga ule una wenyewe.

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza upande huu wa Unguja mwaka 1989, na wengi wanaokifanya mpaka leo ni wanawake. Maji yakipwa ndipo wanaposhuka: wanafunga, wanakaza vigingi, wanavuna. Saa zao za kazi ni zile zile ambazo kijana anaona ufukwe umekuwa mpana na mtupu. Mama ameinama amefunga mwani kwenye kamba, mgongo umeelekea nchi kavu, haoni kitu kinachokuja. Kisahani cha gramu 170 kikitoka mkononi mwa kijana mwenye nguvu siwezi kukiita mchezo kikimfikia yule. Mpaka wa nje unatuambia wapi pana adhabu, lakini kabla ya hapo unatuambia tuelekeze wapi mashimo. Shimo ambalo mrusho wake wa kawaida unaelekea kwenye mwani limewekwa vibaya, hata kama mstari umechorwa vizuri. Tulihamishe.

Kuna na hili la mawimbi. Kisahani kimeanguka majini, nje, kisha wimbi likakirudisha ndani. Kijana anaruka kwa furaha. Kanuni inasema kisahani kilichomo majini kimeshatulia pale kinapokuwa hakina mwendo isipokuwa ule wa maji au upepo. Kwa hivyo wimbi halimwokoi. Na kinyume chake ni haki ile ile: kisahani kikitulia ndani, halafu kikasogezwa mpaka nje, mchezaji hatendewi dhulma, kinarudishwa pale kundi linapokubaliana kilikuwa kimetulia. Mnaona tena tunarudi kwa aliyeona.

Visahani vingi vya gofu huzama. Viko vinavyoelea, na kwa mashimo ya karibu na maji nashauri skuli zinunue hivyo kwanza, kwa sababu ya gharama na kwa sababu hatuna haja ya kuongeza plastiki baharini. Mwalimu akimaliza zoezi ahesabu visahani kama anavyohesabu watoto. Kilichoanguka majini kitafutwe maji yakipwa, kwa ruhusa ya wenye kamba za mwani.

Upepo nao msiusahau. Kisahani kinachorushwa dhidi ya upepo hupinduka kuliko kinavyopinduka siku ya shwari, na kinachofuata upepo hushuka upesi. Shimo lililo salama wakati wa kaskazi linaweza kupeleka visahani vyote majini wakati wa kusi. Msiweke vikapu kwa kutazama msimu mmoja.

Jambo jingine litakalotokea hapa, kwa sababu ufukwe huu una watoto na wageni wanaopita: mtu ataokota. Mtoto wa miaka mitano ataona sahani nzuri nyekundu mchangani, ataichukua, atakimbia nayo kwao. Kundi likifika halioni kitu. Kama mmoja wao alimwona mtoto akiokota, hakuna adhabu. Alama inawekwa pale kilipokuwa, mchezo unaendelea. Kama hakuna aliyemwona, dakika tatu zitapita na kisahani kitatangazwa kimepotea. Lakini ikija kujulikana kabla ya mashindano kumalizika kwamba kilichukuliwa, mchezaji anapunguziwa mirusho miwili kwenye shimo lile. Kwa nini miwili? Mmoja ni ule wa adhabu, na mwengine ni mrusho wenyewe ambao haukumfikisha popote. Anarudishiwa vyote, anakuwa kana kwamba aliporusha mara ya pili ndiyo ilikuwa ya kwanza.

Kwa hiyo, vijana, msimfukuze mtoto na wala msimtishe. Nendeni kwao kwa salamu, mpige hodi, mwelezeni mama yake. Na kila kisahani kiwe na alama ya mwenyewe. Kanuni inataka hivyo, na kwetu ongezeni jina la skuli na namba ya simu ya mwalimu, ili anayeokota ajue pa kurudisha.

Kwa walimu wenye madarasa makubwa, kuna msaada mmoja unaoitwa mrusho wa akiba. Mtoto akirusha na ikawa si rahisi kujua kama kimetoka au kimepotea, na kundi likakubali kwamba itaokoa muda, anarusha kingine hapo hapo kabla hawajaondoka. Sharti aseme kabla ya kurusha kwamba huu ni wa akiba. Wakifika na kukiona cha kwanza kiko ndani, wa akiba hauhesabiwi. Wasipokiona, anaendelea na ule wa akiba na adhabu yake. Bila hivyo, mtoto atatembea mbele, atatafuta, atarudi nyuma juani, na wenzake thelathini wamesimama.

Vichaka vya maweni havihitaji maneno mengi. Mawe yale yana mipasuko ambayo kisahani kikiingia ubavu hukioni hata ukisimama juu yake. Wekeni vikapu mbali navyo, au vitangazeni ni nje. Na kisahani kikitua kwenye siafu au karibu na mzinga wa nyuki, mchezaji ana haki ya kurudi nyuma kwenye mstari ule ule kutoka kikapuni mpaka apate pa kusimama kwa salama, bila adhabu yoyote. Hakuna anayetakiwa kuwa shujaa mbele ya nyuki.

Nimeona mikono. Tuchukue maswali.

*

Kijana mmoja ameuliza: kisahani kikinasa juu ya mnazi, kimepotea?

Hakikupotea, mwanangu, kama kinaonekana na kinajulikana ni chako. Kituo chako ni ardhini, chini yake moja kwa moja. Kama chini yake ni nje ya mpaka, basi kimetoka. Iko kanuni ya mita mbili: kisahani kilichonasa juu zaidi ya mita mbili kutoka ardhini kinaleta mrusho mmoja wa adhabu, lakini hiyo inatumika pale tu msimamizi anapoitangaza. Mimi nasema hapa Jambiani tusiitangaze. Minazi ni mingi, na kunasa juu ya mnazi ni bahati mbaya tu. Na hakuna anayepanda. Mwenye kisahani amngoje mpanda minazi siku ya kuangusha nazi.

Mheshimiwa Sheha ameuliza nani mwenye neno la mwisho juu ya mipaka, skuli au shehia.

Kwa kanuni za mchezo ni msimamizi wa mashindano. Lakini msimamizi huyo hawezi kuchora mstari kwenye ardhi asiyoijua. Kaburi la zamani lisilo na jiwe yeye halijui. Njia wanayopita wanafunzi wa madrasa saa za alasiri, pia haijui. Nimewaomba walimu watembee uwanja wote pamoja na wewe na wazee kabla ya kuchora chochote kwenye karatasi, na mchoro utakaokubaliwa ubandikwe mahali kila mtu anapouona, sehemu zote za nje zikiwa zimetiwa rangi. Mchezaji asiadhibiwe kwa mpaka ambao hakuoneshwa.

Na Bi aliyekaa pale nyuma ameuliza swali ambalo nililingoja: visahani vyenu vikiangukia kwenye kamba zangu, mtaingia kuvichukua?

Hapana, Bi. Kule kwako kote kutakuwa nje ya mpaka, na kanuni yenyewe inatusaidia: wakishaona wazi kwamba kimeangukia huko, hawana haja ya kukifuata ndipo waendelee. Anahesabiwa adhabu, anaweka alama juu kwenye kamba ya mpaka, anatoa kisahani kingine mkobani, anarusha. Kwa hiyo kila mchezaji awe na visahani zaidi ya kimoja, na walimu mlitie hilo kwenye bajeti tangu sasa. Ukikiona kimenasa kwenye mwani wako, kiweke kwenye kikapu chako ukipanda, utupe hapa kwa Sheha. Kikikatika kipande cha mwani au kamba kwa sababu yetu, mwalimu anayesimamia siku hiyo atakuja kwako mwenyewe, si kumtuma mtoto. Na kabla ya yote, keshokutwa maji yakishapwa, naomba wewe na wenzako mtembee nasi muwaoneshe walimu kamba zenu zinaanzia wapi na zinaishia wapi, na mnapitia wapi kupanda na mizigo, kwa sababu njia hiyo nayo tutaitia kwenye mchoro.